Kifaa Huleta Sauti, Nyumba Huleta Lugha: Ushauri kwa Wazazi wa Dirma Wenye Watoto Waliopandikizwa Vifaa vya Usikivu

Uziwi wa mtoto mchanga hauna alama usoni. Mtoto asiyesikia hulia, hucheka, hunyonya, hukaa na kutambaa kwa wakati ule ule waliokaa na kutambaa ndugu zake waliomtangulia, macho yake yakimfuata mama kila aendako kwa wepesi unaompendeza kila mgeni. Na kwa sababu hiyo aghalabu mwaka wa kwanza hupita, na pengine wa pili nao hupita, kabla watu wa nyumbani hawajatambua kwamba yule wanayemwita haitiki si kwa ukaidi wala kwa utukutu, bali kwa kuwa mwito haujapata kumfikia. Miaka hiyo miwili, ambayo kwa mtu mzima ni kitu kidogo, kwa mtoto ni sehemu bora ya wasaa aliopewa wa kujifunza kusema.

Makala haya yanawahusu wazazi, mababu, mabibi na walimu wa Dirma na vijiji vya Hanang na Mbulu vinavyoizunguka, ambako Kiiraqw, Kidatoga na Kiswahili hukutana katika soko moja, na mara nyingi katika nyumba moja. Yanawahusu zaidi wale ambao mtoto wao amekwisha kupandikizwa kifaa cha usikivu, au yumo katika safari ya kukitafuta. Muradi wangu ni kulithibitisha jambo moja, na yote nitakayosema yanalizunguka hilo: kwamba kifaa humpa mtoto sauti, lakini lugha hupewa na watu wa nyumbani kwake, kwa vinywa vyao wenyewe, katika lugha waijuayo vyema kuliko zote, kila siku na katika kila shughuli. Mzazi akiufahamu ukweli huu, hata kama ameketi mbali na kila mtaalamu, ana mkononi mwake sehemu kubwa ya tiba.

Na tuanze na dalili. Mtoto mwenye masikio mazima hushtuka mlango unapobamizwa tangu siku zake za kwanza. Afikapo miezi 6 hugeuza kichwa kuitafuta sauti. Kati ya miezi 6 na 10 hubwabwaja silabi kama ba-ba-ba na ma-ma-ma. Na anapotimiza mwaka huitika jina lake na kutamka neno moja au mawili. Mtoto kiziwi naye hutoa sauti katika miezi ya mwanzo, jambo linalowaghilibu wengi, lakini sauti zake hupungua badala ya kuongezeka, wala hazifikii ule mfululizo wa silabi. Kumpigia sufuria nyuma ya kisogo si kipimo cha kutegemewa, kwa kuwa yumkini atageuka kwa mtikisiko wa sakafu, kwa upepo wa mkono, au kwa kivuli. Kanuni ifuatwayo na wataalamu ulimwenguni ni kwamba mtoto apimwe masikio kabla ya kutimiza mwezi 1, ijulikane kwa yakini kama ana uziwi kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Aliyechelewa asikate tamaa, lakini pia asiongeze ajizi juu ya ajizi, maana wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa.

Sababu za uziwi ni nyingi: wako wanaozaliwa nao kwa urithi, hata kama baba na mama wanasikia; wako walioupata tumboni kwa sababu ya rubela ya mama; wako waliokosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au waliopata umanjano mkali wa uchangani; na wako waliosikia vizuri hapo kwanza, kisha surua, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, au dawa kali kama gentamisini ikavunja usikivu wao. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa utotoni hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa, na hii ndiyo heshima ya chanjo: Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya pneumokoka, kijidudu kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo, mwaka 2013, na dhidi ya surua pamoja na rubela mwaka 2014. Si sababu ya uziwi ulimi unaodhaniwa kuwa umefungwa, wala kimeo kirefu. Kumkata mtoto kimeo ili aseme humwachia kidonda, damu na hatari ya maambukizi, na masikio yake hubaki kama yalivyokuwa.

Mwenye shaka na aanzie kliniki ya mama na mtoto, aiseme shaka yake kwa maneno dhahiri, na aombe barua ya rufaa. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, iko karibu na watu wa upande huu. Katesh nako kuna hospitali ya wilaya. Na kutoka hapo njia huelekea kwa madaktari wa masikio, pua na koo wa hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam. Mtoto mdogo hupimwa akiwa amelala, kwa mitambo inayosoma majibu ya sikio na ya mshipa wa fahamu bila yeye kuulizwa neno. Hivyo asiwepo mtu wa kumwambia mzazi amsubiri mtoto akue ndipo apimwe. Ikionekana kwamba usikivu umebaki kiasi, aghalabu mtoto huanzishiwa shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni. Na shimesikio likishindwa kumfikishia sauti za maneno, hapo ndipo huzungumzwa upandikizaji. Lakini yule aliyeupata uziwi kwa homa ya uti wa mgongo asicheleweshwe hata kidogo, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kugeuza sikio la ndani kuwa mfupa katika muda mfupi, na kifaa kikakosa njia ya kupita.

Upandikizaji huu ulianza kufanywa Muhimbili mwaka 2017, na kabla ya hapo watoto wa Tanzania walipelekwa ng'ambo, hasa India, kwa gharama ambayo ni wachache mno wangeweza kuifikiria. Gharama ya hapa nchini ni ndogo kuliko ile, walakini bado ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Kwa hiyo mzazi asiuze ng'ombe wote kabla ya kuuliza: aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, aulize juu ya bima, msamaha na wafadhili, na aulize pia jambo ambalo wengi hulisahau, yaani gharama za baadaye za betri, nyaya, matengenezo na safari za kurudi kliniki, maana kifaa kisicho na betri hakina faida hata chembe.

Sasa tukifahamu kifaa chenyewe. Sehemu ya nje hukaa nyuma ya sikio. Ina vinasa sauti, mashine ndogo ya kuzichambua sauti, na betri, nayo huunganishwa na kisahani chenye sumaku kinachoshika juu ya ngozi ya kichwa. Sehemu ya ndani hulazwa na mpasuaji chini ya ngozi hiyo, na kutoka humo uzi mwembamba wenye vituo vya umeme, 12 hadi 22 kwa aina zilizoenea, huingizwa katika koklea, kiungo kidogo kilichojipinda mizunguko miwili na nusu ndani ya mfupa wa sikio. Katika sikio zima, chembe hai za safu ya ndani zipatazo 3,500 hufanya kazi ambayo hapa imekabidhiwa vituo hivyo vichache. Kwa hiyo sauti impatayo mtoto si ile tuisikiayo sisi. Ni sauti pungufu, isiyopenda umbali wala makelele, isiyobainisha vyema kupanda na kushuka kwa nyimbo, na ubongo wake unapaswa kufundishwa maana yake polepole. Mzazi aliyedhani kwamba mtoto atatoka chumba cha upasuaji akisema, na ajue kwamba kupewa jembe si kupewa mavuno.

Umri una uzito mkubwa katika jambo hili. Mtoto anayesikia huanza kuisikia sauti ya mama yake akiwa bado tumboni, hivyo siku anayozaliwa amekwisha kuizoea kwa majuma mengi. Sehemu ya ubongo iliyowekewa kazi ya kusikia, ikikosa sauti kwa miaka, hukosa ukuaji wake na kuazimwa na kazi nyingine. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa kupima majibu ya ubongo umeonyesha kwamba watoto waliopata kifaa kabla ya miaka 3 na nusu, njia zao za sauti hukua kwa kukaribiana na za wenzao wanaosikia, ilhali kwa waliokipata baada ya miaka 7 jambo hilo huwa gumu. Samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo mtoto wa umri mkubwa aliyewahi kusikia na kusema kabla ya kuugua ana akiba kichwani mwake, na hali yake ipimwe kivyake.

Baada ya upasuaji jeraha huachwa lipone, na baada ya majuma machache, aghalabu 3 hadi 5, mtoto huitwa kuwashiwa mashine. Siku hiyo wengine hutabasamu, wengine hukaa kimya wakishangaa, na wengi hulia, kwa sababu ni kitu kigeni kilichowaingia kwa ghafula. Kilio hicho si dalili ya kushindwa. Mashine huanzishwa kwa nguvu ndogo, kisha hurekebishwa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kwa kadiri ubongo unavyozoea. Hizi ndizo safari ambazo mtu wa Dirma huona ni mzigo, kwa urefu wa njia na uchache wa nauli, na ndizo zisizofaa kukatizwa. Omba mahudhurio yapangwe yafuatane katika safari moja, uliza kama baadhi ya maagizo yanaweza kutolewa kwa simu, na andika katika daftari kila ulichokiona nyumbani, ili mtaalamu mwenye dakika chache apate habari za miezi mitatu.

Kanuni ya kwanza ya nyumbani ni kwamba mtoto avae kifaa tangu anapoamka hadi anapolala, na kukivua ni wakati wa kuoga na kulala tu. Saa 10 kwa siku ndicho kiasi cha chini cha kutumainia kwa mtoto aliyekwisha kuzoea. Atakivuta, atakitupa, atalia akirudishiwa. Na bibi mwenye huruma atasema mwacheni apumzike. Hapo ndipo penye mtihani, maana mchelea mwana kulia hulia yeye. Kirudishe kwa upole bila hasira, mpe mchezo au chakula akipendacho wakati huo huo, kifunge kwa kofia nyepesi au kwa uzi ulioshonewa nguo, na kirudishe tena hata ikiwa ni mara ishirini kwa asubuhi moja. Mtoto akikataa ghafula baada ya kuzoea, usimlaumu. Yawezekana mashine ina hitilafu, au nguvu yake imezidi, au sikio linauma.

Kanuni ya pili ni kukipima kifaa kila asubuhi. Daniel Ling, mwalimu mashuhuri wa watoto viziwi, aliweka sauti sita zinazotosha kujua kama mtoto anafikiwa na sauti zote za maneno, kuanzia nzito hadi nyembamba: m, u, a, i, sh na s. Sauti hizo zote zimo katika Kiswahili na zinatamkika na kila mtu. Keti kando ya mtoto au nyuma yake asiione midomo yako, tamka moja moja kwa sauti ya kawaida, kwa mapumziko yasiyolingana ili asibahatishe, na mzoeze kufanya kitu kila asikiapo, mathalani kutia punje ya mahindi katika kikombe. Akikua, na airudie sauti yenyewe. Siku asiposikia s au sh ambazo jana alizisikia, badilisha betri, kagua waya na kisahani, na tatizo likiendelea mpigie simu mtaalamu siku hiyo hiyo.

Utunzaji nao ni wa lazima katika nchi yenye vumbi la kiangazi na ukungu wa masika. Kifute kwa kitambaa kikavu kila jioni, kilaze katika kopo lenye kifuniko pamoja na vijipakiti vya kukausha unyevu alivyokupa mtaalamu, na usikiweke karibu na moto wa jiko. Penye betri za kuchaji na umeme wa jua, chaji akiba mchana; penye betri ndogo za kununua, ziwe mbali na watoto wote, kwa kuwa betri iliyomezwa huunguza koo na tumbo, na aliyemeza apelekwe hospitali mara moja. Mtoto aliyepandikizwa apate chanjo zake zote, hasa ya pneumokoka, maana hatari ya homa ya uti wa mgongo kwake ni kubwa kidogo kuliko kwa wengine. Homa kali, shingo kukakamaa au usaha masikioni visisubiriwe hadi kesho. Na popote atakapotibiwa, mwambieni daktari kwamba ana kifaa chenye sumaku kichwani, kwa sababu vipimo vya mashine za sumaku vina masharti kwake.

Nimefikia sasa swali linalowatatiza wazazi wa huku kuliko yote: mtoto huyu asemeshwe lugha gani? Mara nyingi mzazi huambiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba kwa kuwa shule hufundisha kwa Kiswahili, basi nyumba nzima iiache lugha yake na kumsemesha mtoto Kiswahili peke yake ili asichanganyikiwe. Natija ya ushauri huo katika nyumba ambayo Kiswahili ni cha sokoni tu ni kwamba mama, ambaye kwa Kiiraqw au Kidatoga angemweleza mwanawe habari za ng'ombe, mvua, babu, uchungu na furaha bila kikomo, sasa humwambia njoo, kaa, kula, acha, kisha hunyamaza. Mtoto aliyehitaji maneno mengi kuliko wenzake akapewa machache kuliko wote. Fauka ya hayo, jioni jamaa wote wakizungumza kwa lugha yao, yeye hubaki mgeni katika nyumba aliyozaliwa.

Ushauri wangu ni huu: kila mtu amsemeshe mtoto kwa lugha anayoiweza kwa ufasaha na kwa mapenzi. Watoto waliopandikizwa katika nchi nyingine ambako nyumba husema lugha moja na shule nyingine wameonyesha kwamba lugha mbili zinaweza kukaa pamoja, mradi kila moja isikike kwa wingi na kutoka kwa watu waijuao. Mama na bibi wanaosema Kiiraqw na waendelee nacho bila hofu; kaka na dada waliomo shuleni na wacheze naye kwa Kiswahili; na baba ambaye amekaa mjini na Kiswahili ni chake, naye akitumie. Lugha moja ikisimama imara, ya pili hupata pa kuegemea. Kiiraqw kina sauti ambazo Kiswahili hakina: hh itokayo kooni, na sl ipitayo kando ya ulimi, kama katika slee, yaani ng'ombe, nacho hutofautisha irabu ndefu na fupi. Sauti hizo huenda zikachelewa kinywani mwa mtoto, na hilo lisiwatishe. Msemesheni kwa utulivu na karibu, mzirudie, wala msizikwepe. Mtoto anayechunga ndama na wenzake atahitaji neno slee mapema kuliko maneno mengi ya vitabuni.

Jinsi ya kusemesha ni muhimu sawa na lugha yenyewe. Mkaribie: sauti iliyotoka hatua moja humfikia, ile iliyorushwa kutoka shambani humpotea. Ukae upande wa sikio lenye kifaa. Zima redio kabla ya kuanza, umtenge na mashine ya kusaga, na usipige makelele, maana sauti kali hupotosha maneno badala ya kuyafafanua. Mwite jina kwanza, ngoja ageuke, kisha sema. Eleza unachokifanya wakati unakifanya: “Namimina maji. Maji ni baridi. Lete kikombe, tumimine tena.” Kuchambua maharage, kukamua, kufua kisimani, kupukuchua mahindi, kuwasha moto, kila moja ni darasa lenye maneno yanayorudi yale yale, na kurudi huko ndiko kunakomfundisha. Mwache kwanza asikie, ndipo umwonyeshe kitu. Ukimwonyesha daima kabla ya kusema, macho yatafanya kazi ya masikio.

Ukisha kusema, nyamaza. Hili ni gumu kwa wazazi wengi. Mtoto huyu huchukua muda kuchambua alichosikia na kutafuta jibu. Mtazame kwa uso wa kungojea, uhesabu kimoyomoyo hadi tano au zaidi, na upokee jibu lolote, iwe neno, silabi au mguno. Kisha lirefushe jibu lake. Akisema “ji,” sema, “Naam, maji. Unataka maji.” Akisema “ng'ombe kuja,” sema, “Ng'ombe anakuja. Ng'ombe wa babu anakuja.” Usimwambie umekosea, wala usimlazimishe kurudia mbele ya wageni, msikilizishe umbo kamili tu. Katika Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa habari za nani, lini na nani katendewa hubebwa na silabi fupi za mwanzo wa kitenzi, a-na-ku-, ni-li-m-, zisizokaziwa sauti na zilizo rahisi kupotea katika kifaa. Hata watoto wanaosikia vizuri huziacha katika miaka yao ya kwanza. Kwa hiyo sema sentensi nzima, kwa mwendo wa wastani, na usiige usemi wa kitoto uliokatika.

Nyimbo na masimulizi yasipuuzwe kwa kuwa kifaa hakichukui tuni vizuri. Mtoto hupata mapigo, hupata maneno yanayorudi, hupata zamu ya kuitikia. Na tumbuizo la bibi jioni, akiwa amempakata kifuani, humfunza kusikiliza huku akipendwa. Wairaqw wana hazina yao ya slufay, dua za baraka ambazo mzee huziongoza na jamii nzima ikamwitikia kwa pamoja. Mtoto mwenye kifaa asiachwe nyuma ya umati katika saa kama hizo. Na akae karibu na mzee, ajue wakati wa kuitikia, aitikie pamoja na watu. Mwenye kuitikia na wenzake amekwisha kuingia katika lugha, hata kama maneno yake bado hayajanyooka.

Pima maendeleo kwa umri wa kusikia, usipime kwa umri wa kuzaliwa. Mtoto wa miaka 3 aliyewashiwa mashine mwaka jana ana mwaka 1 wa kusikia. Kwa aliyepandikizwa mapema na kuvaa kifaa kila siku, tazamia kwamba katika miezi ya kwanza ataanza kutambua kuwa sauti ipo na kugeukia jina lake; kabla ya mwaka kuisha atabwabwaja na kufahamu maneno ya kila siku; na katika mwaka wa pili ataanza kutumia maneno na kuunganisha mawili mawili. Kufahamu hutangulia kusema, kwa hiyo mtoto aliyekaa kimya huku akitii maagizo yupo njiani. Watoto hawalingani, na wenye maradhi mengine huenda taratibu zaidi. Lakini ikiwa miezi 6 imepita, kifaa huvaliwa siku nzima, na bado haitiki sauti yoyote, usiseme tungoje. Rudi kwa mtaalamu mashine ichunguzwe.

Siwezi kuyamaliza haya bila kunena juu ya lugha ya alama. Kifaa kikivuliwa mtoto ni kiziwi, na wako watoto ambao kifaa hakiwafai au hakipatikani. Nao wana haki ya lugha kamili mapema kama mtoto mwingine yeyote. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha timamu, na shule za viziwi kama ile ya Tabora, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na ya Buguruni, iliyofunguliwa mwaka 1974, zimelea vizazi vya viziwi wasomi. Ishara za mikono hazimfanyi mtoto mwenye kifaa kuwa mvivu wa kusema. Zinamfaa akiwa anaoga, kisimani penye makelele, na katika miezi ya kungoja upasuaji. Linalomdhuru mtoto ni kukaa miaka bila lugha yoyote, akisubiri ile moja ambayo pengine haitakuja. Ndugu msomaji, ukimwona kiziwi mzima akifanya kazi yake sokoni, mwendee umsalimu, na umwombe akufundishe. Yeye anajua mambo ambayo sisi tunaosikia hatujui.

Mtoto akifika darasa la awali, mzazi na aende shule kabla ya muhula kuanza, amwonyeshe mwalimu kifaa, jinsi betri inavyobadilishwa na kisahani kinavyorudishwa. Aombe mtoto akae mbele, mbali na dirisha la barabarani, upande unaoelekeza kifaa kwa mwalimu. Na mwalimu asizungumze huku akiandika ubaoni, arudie majibu ya wanafunzi wengine, na amwulize mtoto aeleze alichosikia badala ya kumwuliza kama amesikia, kwa sababu kila mtoto hujibu ndiyo. Wenzake waelezwe kwa lugha nyepesi kwamba kile ni chombo cha kusikia na hakichezewi. Watoto wakielezwa hulinda; wakifichwa hudhihaki.

Baba naye asijitenge akidhani hii ni kazi ya mama. Mama aliyeachiwa kliniki, nauli, betri, mazoezi na lawama za majirani huchoka, na akichoka mtoto hupungukiwa maneno. Na wanaume wa nyumba washike zamu: mmoja apime sauti sita za asubuhi, mwingine atembee na mtoto hadi zizini akimsimulia njiani. Wapo pia majirani watakaosema mmetumia fedha nyingi kwa mtoto mmoja. Msijibizane nao, mwacheni mtoto awasalimu kwa jina.

Kwa hiyo leo, kabla ya jua kuchwa, mzazi mwenye shaka na apange siku ya kwenda kliniki, na aliyekwisha kupata kifaa na ahesabu saa ambazo mtoto wake alikivaa jana, kisha aziongeze kesho. Ateue shughuli moja ya kila siku, iwe kukamua au kuosha vyombo, aifanye kuwa saa yao ya mazungumzo, bila redio na bila haraka, kwa lugha ile aliyosemeshwa yeye na mama yake. Asingoje mtaalamu aje Dirma kuianza kazi hiyo, kwa kuwa mwalimu wa kwanza wa mtoto wake amekwisha kufika, na ni yeye mwenyewe.